Kiti Kando ya Sufuria ya Sukari

Nisikilize kidogo, wewe unayeanza kazi kwenye ghorofa ya kupikia sukari, na hata wewe ambaye hujawahi kukanyaga kiwandani lakini unaamka kila siku ukiwa umechoka kuliko ulivyolala. Nimestaafu msimu huu. Watu wanadhani mstaafu ana nafasi ya kukaa na kukumbuka, lakini kukaa ndiko kulikonishinda maisha yangu yote, na nitakalokueleza linatokana na hilo. Nitakwenda polepole. Ukiona nimeruka mahali, nimeruka vyeo na mishahara, na hivyo havitakusaidia ukiwa mbele ya sufuria.

Nilitoka kwetu Shinyalu nikiwa kijana anayejua mahindi na chai tu, nikaajiriwa kwenye kiwanda cha miwa upande wa magharibi. Siku ya kwanza walinipandisha ngazi za chuma mpaka ghorofa ya juu, kwenye joto na harufu ya molasi, wakanikabidhi kwa Mzee Ambani. Huyo ndiye aliyekuwa mpishi mkuu wa sukari. Mwili wake ulikuwa mdogo, sauti yake ndogo zaidi, na hakuna mtambo uliomzuia asisikike.

Tunaiita sufuria, lakini usifikirie ile ya jikoni. Ni pipa la chuma lililofungwa pande zote, kubwa kuliko nyumba niliyozaliwa. Ndani yake shira ya miwa inachemka huku pampu zikinyonya hewa itoke. Hewa ikishapungua, shira huchemka kwa joto dogo na haiungui. Kule kunyonywa kwa hewa tunakuita vakyumu, na ndiko roho ya kazi yote. Mpishi haoni kilichomo ila kupitia dirisha la kioo lililo usawa wa kifua, lenye upana wa sahani.

Mzee Ambani alinipa fimbo ya shaba yenye mfuo karibu na ncha. Unaichomeka kwenye tundu lake, unaizungusha, unaitoa ikiwa na tone la shira nzito. Lile tone unalipaka kwenye kipande cha kioo na kukiinua kwenye mwanga. Chembe za sukari zinatakiwa zilingane, kila moja na kingo zake kali. Ukiona vumbi jembamba katikati yao, hizo ni chembe za uongo, yaani zimezaliwa bila kuitwa kwa sababu uliiacha shira ikazidi kuwa nzito au vakyumu ikayumba ukiwa hutazami. Zinaziba mashine za kukamua molasi kule chini, na watu wa chini hupanda kukuuliza ulikuwa wapi. Kwa hiyo kazi ya mpishi ni kuwepo. Mikono haifanyi mengi. Macho ndiyo yanayofanya kazi.

Jambo moja Mzee Ambani hakunieleza, nililikuta tu. Ghorofa ile haikuwa na kiti. Nilipomuuliza tunapumzikia wapi, aliniambia nichuchumae kisha nimwambie naona nini kwenye dirisha. Nikachuchumaa. Niliona chuma. Mambo yakaishia hapo. Miaka ya baadaye mhandisi mmoja mgeni alileta kiti chake kutoka ofisini. Asubuhi iliyofuata kiti hicho kilikuwa uwanja wa miwa, na dereva wa trekta alikuwa amekikalia akinywa chai. Mhandisi hakuuliza, nasi hatukusema.

Basi nikajifunza kusimama. Nilisimama zamu za mchana na za usiku, msimu baada ya msimu, na nilijivunia. Nilipika na kuwafundisha wengine, akiwemo Khamala, kijana wa Chekalini aliyekuja akidhani mashine zote ni za kusaga mahindi. Leo hii jicho lake ni kali kuliko langu, na hachoki kunikumbusha.

Uchovu ulianza lini, siwezi kukuambia. Ni kama shira inavyokuwa nzito, huoni dakika yenyewe. Mwanzoni nilidhani ni zamu za usiku, kisha nikadhani ni umri. Nikawa nainua kile kioo kwenye mwanga na chembe zote zinaungana kuwa wingu. Nilinawa uso maji baridi, nikatafuna tangawizi, nikaizunguka sufuria kama mtu aliyepoteza funguo. Nilikuwa nikisimama siwezi kulala, na kwa kuwa sikukaa kamwe, nikaamini sina shida ya usingizi.

Na si kazini tu. Nyumbani kwangu Shieywe nilikuwa nakula nimesimama mlangoni, sahani mkononi. Kanisani nikaomba kuwa mhudumu wa mlango, maana wahudumu hawakai, nao wakanisifu kwa bidii. Matangani nilibeba viti vya wengine kutoka asubuhi hadi jioni. Watu waliona mtu asiyechoka. Mimi mwenyewe nilijua tu kwamba nikikaa mambo yanaharibika, kwa hiyo sikukaa. Sikulifikiria zaidi ya hapo.

Aliyelifikiria ni mke wangu, Mama Ingosi. Kukoroma kwangu kulijulikana mtaani. Majirani waliuliza kama tumefungua kinu cha kusagia. Yeye hakusumbuliwa na kelele. Kilichomsumbua ni zilipokatika. Alinieleza kwamba ninakoroma, ninanyamaza ghafla, kifua kinahangaika bila hewa kupita, na yeye anangoja, na akichoka kungoja ananipiga kiwiko ndipo ninashtuka kama mtu aliyeokolewa mtoni. Nikamwambia anaota. Akaniambia mwenye kuota lazima kwanza alale, na yeye hajalala tangu sijui lini.

Huku kwetu mtu akisema amechoka anapimwa malaria. Isipopatikana, anapimwa tena. Nami nikapitia njia hiyo yote. Daktari wa presha ndiye aliyeshtuka, kwa kuwa presha yangu ilikuwa inakataa dawa. Aliuliza nani analala karibu nami, kisha akaacha kuzungumza na mimi akazungumza na Mama Ingosi. Nikapewa kifaa cha kulala nacho, mkanda kifuani na kibanio kidoleni, na majibu yakatoka: apnia ya usingizi.

Nikueleze kwa lugha ya kazi yetu. Ukilala, nyama za koo zinalegea. Kwa watu kama mimi zinalegea hadi zinaziba njia ya hewa. Damu inakosa hewa safi, ubongo unaona hatari, unakuamsha kidogo tu, kiasi cha kuvuta pumzi, halafu unalala tena bila kukumbuka chochote. Hilo linarudiwa usiku kucha. Asubuhi unasema umelala vizuri, na mwili unasema umebeba miwa. Matibabu niliyopewa ni mashine ndogo yenye mpira na barakoa ya puani. Sisi kwenye sufuria tunanyonya hewa itoke. Mashine hii inasukuma hewa iingie, na msukumo huo unalishikilia koo lisijifunge. Hakuna uchawi zaidi ya huo.

Kiwanda kilinitoa kwenye sufuria mpaka kliniki iseme niko sawa. Nikapelekwa uwanja wa miwa kuelekeza matrekta. Ni kazi ya heshima, na madereva walinikaribisha vizuri kuliko nilivyostahili. Lakini msimu uliokuwa unakuja ulikuwa wangu wa mwisho kabla ya kustaafu, nami nilitaka kuumaliza na fimbo mkononi, mbele ya lile dirisha. Sikutaka kitu kingine. Nilichohitaji ni neno moja kutoka kliniki.

Nilikuwa nimewatangazia wote kwamba nikilala na mashine wiki moja, narudi. Wiki ikaisha, nikaamka nimechoka vilevile. Ya pili pia. Hapa ndipo ninapokuomba utulie, maana wengi huiacha mashine mahali hapa. Nilijigeuza huku na huku nikihofia mpira usichomoke. Pua ikaziba. Stima ikipotea, mashine inanyamaza, nami naivua na kulala hivyo hivyo. Tukipata msiba Shinyalu, naenda kukesha na wenzangu nje, mashine inabaki nyumbani kwa sababu moto wa matanga hauna mahali pa kuchomeka waya. Mchana nilizunguka uwanja mzima bila kazi. Nilianza kutafuta visingizio vya kupanda ghorofani, mara kupeleka ujumbe, mara kuuliza saa, mpaka Khamala akachoka nami.

"Mzee, shuka," aliniambia siku moja bila kutoa macho kwenye dirisha. "Hata ngazi zimeanza kukulalamikia."

Nikashuka. Nilipofika chini nikakumbuka nimesahau kumwambia kitu, nikageuka, nikamkuta amesimama juu ya ngazi ananingoja, kichwa akitikisa.

Siku ya kliniki nilivaa koti. Mama Ingosi alikuja nami ingawa nilimwambia hakuna haja. Muuguzi wa kliniki ya usingizi, Sista Nekesa, ni mama mtaratibu, anauliza swali kisha anangoja jibu kweli. Alianza. Je, ukiwa umekaa unasoma, unasinzia? La. Ukiwa umekaa ukitazama televisheni? La. Umekaa mkutanoni? La. Umekaa baada ya chakula cha mchana, kimya? La. Nilijibu kila swali kwa moyo safi. Sista Nekesa akatabasamu na kusema basi tunaendelea vizuri sana. Niliona kalamu yake ikielekea mahali nilipopataka.

"Sista," Mama Ingosi akasema, "huyu hakaangi chini."

Kalamu ikasimama. "Hakaangi vipi, Mama?"

"Hakaangi. Obusuma, ugali wangu mwenyewe, anakula amesimama mlangoni kama anangoja gari. Kanisani yeye ni wa mlango. Matangani yeye ni wa kubeba viti. Mimi nimezaa na huyu mtu na sijui urefu wake akiwa amekaa."

Nilitaka kueleza habari ya dirisha na kuchuchumaa, lakini Sista Nekesa hakucheka wala hakunikaripia. Aliniomba tu niketi kwenye benchi pale ukutani wakati anamshughulikia mgonjwa mwingine. Nikaketi kumridhisha. Nakumbuka nikitazama picha ya moyo ukutani. Kilichofuata ni mkono wa mke wangu begani, na kofia yangu ikiwa mapajani mwake. Mgonjwa yule alikuwa ameondoka. Aliyemfuata naye alikuwa ameondoka. Sakafu ilikuwa imepigwa deki, yote isipokuwa pale miguu yangu ilipokuwa.

"Nilikuwa nimefumba macho tu," nikasema.

"Na mate?" akauliza Mama Ingosi.

Nilisimama kwa hasira nikiutazama mlango. Msimu wangu wa mwisho niliuona ukienda zake na matrekta. Sista Nekesa akavuta kiti akaketi mbele yangu, akaniambia maneno ambayo nimewarudia wengi tangu siku hiyo: "Hujanidanganya, Mzee. Mimi ndiye niliyekuuliza habari za mtu anayekaa. Wewe umejifundisha kusimama mbele ya ugonjwa, na umesimama vizuri. Sasa tuutibu ukiwa umekaa."

Kisha tukaanza kazi. Aliniambia siku inayofuata nije na mashine, nivae barakoa mbele yake vile ninavyovaa nyumbani. Nikaivaa. Akasema hapana, kama nyumbani kabisa. Basi ikabidi nitoe meno yangu ya bandia, ambayo huwa nayaweka kwenye kikombe. Mara mashavu yakaingia ndani, na hewa ikaanza kupiga mluzi pembeni. Nilikuwa nimepimwa barakoa nikiwa na meno, nikawa nalala bila meno. Nusu ya hewa yangu ilikuwa inatibu mto. Akanibadilishia barakoa ya aina nyingine na kunifundisha kuibana nikiwa nimelala, maana uso wa mtu aliyelala si uso wa mtu aliyesimama.

Aliuliza kuhusu pua. Nikamwambia naitibu mwenyewe kwa vile vidonge vidogo vya mafua vya dukani. Akaguna. Vidonge vile vingi huleta usingizi, na mimi nilikuwa navimeza asubuhi kabla ya kwenda kazini, kisha nashangaa. Akavisimamisha, akanipa maji ya chumvi ya puani, na kunionyesha chombo cha maji kwenye mashine ambacho sikuwahi kukijaza nikidhani ni cha akiba. Hewa ikipita juu ya maji haikaushi pua. Akaniuliza naamka saa ngapi. Nilimweleza kwamba huamka mapema kukamua ng'ombe, kisha narudi kujilaza kidogo. Na barakoa? Bila barakoa, si ni kidogo tu. Akasema huko kujilaza kidogo ndiko kunakoniangusha: koo halijui kama ni usingizi mrefu au mfupi. Popote unapolala, hata baada ya chakula cha mchana, vaa mashine.

Daktari naye alinipima damu kuona kama nimepungukiwa, akapima na tezi ya shingo, kwa sababu uchovu una wazazi wengi na si vizuri kumlaumu mmoja tu. Hakukuta kitu. Aliniambia wazi kwamba hata matibabu yakienda sawa, uchovu unaweza kuchukua miezi kuondoka, na kwa wengine unabaki kiasi fulani. Hilo likitokea watu warudi kwake, wasiitupe mashine. Akanikataza pikipiki. Nikaiacha.

Na Sista Nekesa akanipa kazi ya nyumbani ambayo hakuna bosi aliyewahi kunipa. Niwe nakaa. Kila jioni, kwenye kiti, bila redio, bila kushika kitu, Mama Ingosi akiwa shahidi, nione kinachotokea. Alitaka nijue uchovu wangu una kiasi gani, kwa sababu mtu asiyeupima hawezi kuuambia daktari unapanda au unashuka.

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Siku nilizosinzia zilikuwa rahisi, angalau niliondoka. Siku nilizokuwa macho miguu ilicheza yenyewe. Nilisikia mlango wa banda la kuku umelegea, nikainuka. Nilisikia mtu anapita njiani, nikainuka nimsalimu. Mama Ingosi angesema, "Rudi kazini," nami ningerudi kwenye kiti. Hata sasa ninapoandika haya nimeinuka mara kadhaa, na chai yangu iko dirishani badala ya mezani.

Lakini ilisaidia. Polepole sana, kiasi kwamba niliamini nimesimama pale pale, usingizi wa kwenye kiti ukawa unachelewa. Siku moja kanisani nilikaa, na nikasikia mahubiri yote tangu mwanzo mpaka mwisho. Sikuwa nimejua mchungaji wetu anarudia namna ile.

Msimu ulipokaribia, kliniki ilisema ninaweza kurudi kwa masharti. Nipike zamu ya mchana tu. Kila mara kabla ya kupika sufuria, na kila mara kabla ya kuweka mbegu, niketi kwanza. Mbegu ni ile sukari iliyosagwa laini sana tunayoitia ndani shira inapofikia uzito wake, na chembe zote hukua juu yake. Ukikosea hapo hakuna wa kukuokoa. Meneja wetu wa uzalishaji alikubali, ila akataka mpishi wa pili awepo pembeni akinitazama. Akachaguliwa Khamala. Na kiti kikapandishwa ghorofani, cha kwanza tangu kile cha mhandisi. Wazee wa zamu walikitazama kama mtu anavyomtazama mbuzi kanisani.

"Karibu sebuleni, Mzee," akasema Khamala, akakifuta kwa kitambaa.

Nilikaa. Yeye akasimama na fimbo yangu. Robo saa hivi ikaisha, huku mtu mmoja wa mashine za chini akipita na kuuliza kama chai inaletwa. Macho yalipobaki wazi, Khamala alinirudishia fimbo, nami nikapika. Siku nyingine macho hayakubaki wazi. Siku hizo nilishuka kwenda kwa matrekta, na Khamala alipokuwa akishuka baadaye aliniuliza nimeota nini, akitaka nicheke. Mara nyingine nilicheka. Lakini siku za kushuka zilizidi kupungua, na nilianza kuamini nitafika mwisho wa msimu.

Siku yangu ya mwisho kazini waliamua kunifanyia sherehe ndogo. Asubuhi nilikaa, nikapita, nikapika sufuria moja safi. Mchana wageni wakaja: Mama Ingosi katika gauni lake la harusi za watu, meneja, na watu wa ofisini ambao hawakuwahi kupanda ngazi zile. Akina mama wa jikoni walikuwa wamepika ingokho, kuku wa kienyeji mwenye mchuzi mzito, na obusuma ya kutosha. Sista Nekesa alikuwa amenionya kuhusu kula sana kabla ya kazi, lakini jaribu wewe kukataa kuku aliyechinjwa kwa ajili yako. Tena usiku uliotangulia transfoma ya mtaa wetu ilikuwa imeungua na mashine haikufanya kazi. Nilijua yote mawili. Nilijisikia vizuri. Nilikuwa nimesimama.

Wageni walitaka kuniona nikiweka mbegu kwenye sufuria yangu ya mwisho, kisha nifungue valvu waione ikimwagika. Nikavuta shira, nikaanza kuipika iwe nzito. Ilipokaribia, meneja akawapeleka wageni upande wa pili kuwaonyesha dirisha la sufuria nyingine, nami nikampa Khamala fimbo, nikaketi kama sheria ilivyosema.

Kitu kilichonigusa goti kilikuwa ncha ya fimbo.

"Mzee," Khamala alikuwa ameinama kama anayetazama geji. "Amka. Hakuna aliyeona."

Nilitazama. Mama Ingosi alikuwa ametupa mgongo, anachungulia kioo cha sufuria ya pili. Meneja alikuwa anaeleza kitu kwa mikono. Sauti ya pampu ilikuwa ile ile.

"Wewe umeona," nikamwambia.

"Mimi ni nani wa kusema? Ni sufuria moja tu. Weka mbegu, nitasimama nyuma yako. Hata ukiyumba nitakushika."

Alisema kwa upendo. Ghorofa yetu ndivyo ilivyoishi siku zote. Mwenzako akilegea unamshika, na unanyamaza. Nilijua angenishika kweli. Nilitaka kusema ndiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote kazini, na mkono wangu ulikuwa umeshaanza kwenda kwenye fimbo. Kisha nikawaza kwamba kesho mimi niko Shinyalu nikipalilia chai, na yeye yuko hapa, na siku moja mwingine atasinzia mbele yake, huenda siku ya valvu au ya mvuke, na Khamala atafanya kile tulichofanya leo.

Nikatoa mkono.

"Khamala," nikasema, kwa sauti iliyowafanya wageni wageuke. "Sufuria ni yako. Shira imebakisha kidogo kufikia mbegu. Ikivutwa kati ya vidole inatoa uzi mfupi. Vakyumu imetulia. Mvuke nimeupunguza. Mbegu bado sijaweka. Nimelala."

Alinitazama. Nilidhani atabisha. Akarudia kila neno, moja baada ya jingine, vile nilivyomfundisha alipokuja kutoka Chekalini, isipokuwa lile la mwisho, ambalo alilimeza. Akageukia dirisha. Meneja akaja akauliza kuna tatizo gani, nikamwambia hakuna tatizo, mpishi amebadilika. Mama Ingosi alinishika mkono, tukashuka ngazi pamoja, akiwa mbele na mimi nyuma, mpaka kwenye benchi la wageni chini.

Sufuria inapofunguliwa, tani na tani za sukari na molasi huanguka kwenye tangi la chini, na jengo zima husikia. Ya Khamala mimi sikuisikia. Mama Ingosi anasema sakafu ilitetemeka, soda zikacheza mezani, na watu wakapiga makofi. Jioni Khamala aliniletea kipande cha kioo chenye tone lililokauka. Chembe zililingana zote. Aliniambia wageni waliuliza ni nani aliyeipika, naye akawaambia tuliipika wawili.

Bado nachoka. Si kama zamani, lakini nachoka, na kliniki inaniona bado. Nawe pengine uko katika zile wiki za mwanzo, barakoa imekuchubua pua na asubuhi haijawa asubuhi. Vumilia, urudi kliniki uwaambie ukweli wote, hata ule ambao hawajakuuliza.

Na kazini, macho yakianza kuwa mazito, fanya hivi. Mwite mwenzako kwa jina, kwa sauti ambayo wengine wanaweza kuisikia. Mwambie shira iko hatua gani, vakyumu ikoje, mvuke uko wapi, na mbegu imewekwa au la. Ngoja arudie kila neno. Mpe fimbo, kisha ondoka mbele ya sufuria.